Gunvor, Mwanamke Ambaye Bakteria Hawakumshika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Gunvor Lidström, fundi wa maabara, aliyetutoka Jumatano akiwa na miaka themanini na saba. Mnanijua: samaki wangu wote ni wakubwa kuliko ziwa. Lakini habari ya Gunvor haihitaji chumvi.

Alizaliwa karibu na Lycksele, kaskazini, ambako baridi ikikaza hata matusi huganda hewani, mkayasikia mwezi wa tano yakiyeyuka. Haya, hiyo ni chumvi. Akashuka kusini, jiji la Göteborg, akaolewa na Evert, dereva wa tramu, treni ya barabarani. Akaajiriwa kwenye maabara iliyochunguza UTI, ugonjwa wa njia ya mkojo.

Swali lao lilikuwa moja. Mkojo hutoka kwa kasi. Mbona bakteria hawasombwi? Jibu: hushika. Bakteria ana vinywele vyembamba ajabu. Kwenye ncha ya kinywele pana kishikio, na kishikio hicho hutafuta sukari maalumu iliyo juu ya seli zetu. Akiipata, ananasa kama mbigili kwenye soksi. Mkojo utapita, yeye yupo. Kisha anapanda, mpaka kwenye figo.

Gunvor alichanganya bakteria na seli, akahesabu kwenye darubini wangapi wameshika. Seli zilitoka wapi? Kwenye mkojo wao wenyewe wa asubuhi. Wanawake wa maabara walikuwa na zamu, na zamu ya chupa ndiyo ilikuwa zamu ya maandazi ya mdalasini. Siku yako unakuja na mfuko mkono huu, chupa mkono ule.

Zamu ya Gunvor ikifika, bakteria hawakushika.

"Gunvor! Umeosha chupa kwa sabuni tena!" alifoka Daktari Rydén, mkuu wa maabara.

"Sijaosha kwa sabuni, Daktari."

"Basi umewaua wadudu wangu!"

"Wadudu wako wazima, wanaogelea. Hawanitaki tu. Labda wamesikia nimeolewa."

Wakacheka. Akatolewa kwenye zamu ya chupa, akabakizwa kwenye ya maandazi. Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili jibu lilikuwa limemwagwa kwenye sinki.

Mwaka 1981 ikajulikana kuwa sukari ile inayoshikwa na bakteria wa figo ndiyo hiyo hiyo inayotofautisha kundi moja adimu la damu. Rydén akakumbuka chupa za Gunvor. Akapeleka damu yake ipimwe. Majibu: Gunvor hana sukari ile. Kaskazini kwao watu wa namna hiyo ni wachache, lakini wapo.

Rydén alikuja na keki. "Gunvor, niwie radhi. Wewe ni ngome! Hawana pa kushika." Watu wakapiga makofi.

Gunvor akasoma karatasi ya majibu mpaka mwisho. Chini, daktari wa damu alikuwa ameandika hivi: mwanamke asiye na sukari hiyo, damu yake ina askari wa kinga wanaoishambulia popote wanapoikuta. Mtoto tumboni huirithi kwa baba. Askari hulivamia kondo la nyuma. Mimba hutoka mapema, tena na tena.

Gunvor alikuwa amepoteza mimba tano. Tano. Mama mkwe alisema ni baiskeli anayoendesha, na Gunvor akaigawa ile baiskeli.

Evert anakumbuka jioni ile: "Alikaa kwenye ngazi, koti hajalivua. Akaniambia, 'Evert, haikuwa baiskeli.'"

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwake yeye, muda ulikuwa umepita. Lakini kaskazini alikuwepo mdogo wake, Siv, aliyekwisha kupoteza mbili, na wiki ile alikuwa na mimba changa. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na damu moja. Gunvor akapiga simu.

"Siv, panda treni leo."

"Dada, nina ng'ombe wa kukamua!"

"Mumeo ana mikono miwili. Panda treni!"

Damu ya Siv ilikuwa ile ile. Hospitalini wakawa wanaitoa, wanaondoa maji yenye askari, wanamrudishia iliyobaki. Kila wiki, kwa miezi. Gunvor alikaa kando ya kitanda kila mara.

Siv anasema: "Nilimwuliza, dada, huoni wivu? Akajibu, 'Naona. Haya, geuka nikufunike mgongo.'"

Ylva, binti wa Siv, alizaliwa na kilo mbili na robo. Leo ana miaka arobaini na miwili. Anasema: "Kila siku yangu ya kuzaliwa Mama Mkubwa alileta keki, halafu akatoka nje kidogo. Nilidhani hapendi kelele. Evert ndiye aliyeniambia juzi kwamba alikuwa akienda kulia kwenye gari."

Evert, Siv, Ylva, poleni sana. Poleni kwa msiba huu na kwa ile mitano ambayo hatukuja kuwapa pole. Nasi tuliobaki tujiulize: ni wanawake wangapi tumewabebesha lawama ya baiskeli, badala ya kuwapeleka wakapimwe?

Jana Evert alipeleka tangazo la kifo gazetini. Akaandika: Gunvor Lidström, mama wa watano.

Binti wa mapokezi akauliza, "Majina ya watoto, mzee wangu?"

"Andika watano tu," akasema Evert. "Majina alikuwa nayo yeye."