Saini Niliyomnyima Yunisi

Jumanne, tarehe kumi na tisa Mei 2015, saa nne asubuhi, nilimnyima dada yenu saini, wanangu, na tangu saa hiyo nyumba hii haikuwa tena ile.

Sikilizeni, Nikodemu na Veneranda. Sogeeni, sauti yangu haifiki mbali. Ndio mwaka ule Warundi walipokuwa wakishushwa bandarini kwa maelfu, nami, balozi wa nyumba kumi hapa Katubuka, nilishinda mezani nikiandika barua, huyu ni mgeni wa fulani, huyu namfahamu, na hata nisiowafahamu niliwasainia, nikaona ni ibada. Yunisi akaja na karatasi ya zahanati. Alitaka kupima virusi vya ukimwi, naye alikuwa na miaka kumi na sita, na sheria ya wakati ule ilitaka aliye chini ya miaka kumi na minane alete ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Nikaikunja ile karatasi. Niliwaza kwamba saini yangu inajulikana mpaka Mwanga, na atakayeiona atasema binti wa balozi ana jambo. Akacheka kidogo. "Baba, au nipande boti nishuke na wakimbizi, ndiyo utanisainia?"

Nikamwambia asubiri atimize kumi na minane. Sikumuuliza anaogopa nini.

Alifariki akiwa amebakiza miezi miwili.

Sheria ilinipa kalamu, wanangu. Kukataa kulikuwa kwangu mwenyewe. Siku hizi imebadilishwa, mwenye miaka kumi na mitano anajiamulia kupima, lakini Erica wako, Nikodemu, ana kumi na mitatu, mama yake tumemzika, kikohozi hakimwachi, na karatasi yake ya ridhaa unatembea nayo mfukoni tangu Pasaka. Najua unachoogopa: watasema na wewe unavyo. Waache waseme. Nenda naye, mkapime nyote wawili siku moja; dawa zipo, na watu wanazeeka nazo.

Michikichi ya Ilagala mgawane sawa, Veneranda apate kama kaka yake, na nyumba hii isiuzwe. Nesi Elinipa alinifuata hapa kunibembeleza nisaini, nami nikaenda kumsemea vibaya kwa wakubwa wake, na tangu hapo sikuitikia salamu yake. Mwiteni mazishini, akae na wafiwa, mwambieni nimekiri.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Nikodemu, itoe hiyo karatasi. Iweke hapa kifuani pangu, uandike nikiona. Jina lako lote. Ndiyo... ndiyo, mwanangu. Mungu awabariki, awafanye wazazi ambao watoto wao hawaogopi kuwaambia neno.

Sasa tumwombee. Ee Bwana, Yunisi alibisha kwangu, sikumfungulia. Wewe umfungulie... umpumzishe mahali pasipo na kikohozi... umwambie kwamba baba yake... umwambie naja kumwomba radhi. Amina.