Mzee Bundala Akabidhi Mawe Yanayokua

Miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya mazingira, tangu Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga: leo, tarehe 30 Juni, Mzee Selestini Bundala anastaafu. Alianza kama dereva, anamaliza akiwa mwangalizi wa ziwa la chumvi, na hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Kinachomnyima utulivu ni mawe. Ukiyaona mara ya kwanza pale ufukweni utadhani ni mavi makavu ya ng'ombe, na wageni wengi wamemuuliza kama kweli wamesafiri saa tano kwa ajili ya hayo. Yeye huwaeleza taratibu kwamba yanajengwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka, na kwamba hadi leo yanakua.

Adui wa mawe hayo ni kwato. Kiangazi wafugaji huleta ng'ombe kulamba chumvi. Mzee Bundala hakumfukuza mtu. Alipatana na mfugaji Sayi wawe wanachimba udongo wa chumvi upande wa pili na kuulundika mbali, ng'ombe walambe huko. Miaka kumi na minne sasa, hakuna jiwe lililovunjwa.

Mei aliteuliwa mrithi wake, Novatus, ambaye tangu Aprili ni mume wangu (mnivumilie, neno hilo bado nalionea raha). Siku ya makabidhiano niliwasindikiza. Novatus, kwa mapenzi, alinibeba nisichafue viatu kwenye tope, akaona mawe yamejipanga vizuri, akakanyaga la kwanza.

"Simama hapo hapo, baba," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Hilo liko hai."

Novatus aliganda. Mimi nilikuwa bado nacheka, hadi nilipoona Mzee anavua viatu. Alitufikia peku, akatutoa hatua kwa hatua. Tulipofika Maswa njiani kurudi, akatamka kwamba hati ya makabidhiano hatasaini.

Wiki zilizofuata alizunguka ofisi nzima akiuliza kama hakuna mtu mwingine. Hakuwepo. Novatus akawa anakwenda ziwani kila Jumamosi, peku, kuchimba udongo na akina Sayi. Alirudi na malengelenge, nikayapaka mafuta kwa fahari. Jumamosi ya nne Mzee alitokea bila taarifa, akatazama kundi zima likipita mbali na mawe, Novatus akiliongoza kwa miluzi aliyofundishwa na Sayi. Papo hapo Mzee alisaini hati juu ya boneti ya gari.

Mzee wetu, leo ukitazama ukumbini hutamwona mume wangu. Kiti cha pembeni yangu ni kitupu, na gauni hili alilichagua yeye. Yuko ziwani, kwa sababu ng'ombe hawajui kwamba kuna sherehe. Tuliona hakuna zawadi utakayoipenda kuliko hiyo. Asante kwa miaka yote. Kapumzike na mkeo, Mama Benedikta, na maisha yenu yawe mema na marefu.