Mama Ubishi Anatuachia Ugomvi wa Mfinyanzi na Mtoza Ushuru

Mama Ubishi, mtembeza wageni wa makumbusho yetu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Miguu yake, anasema, ilistaafu zamani. Mdomo ndio uliogoma.

Alianza kama mfagiaji wa ukumbi wa chini, zinaposimama sanamu mbili: mtoza ushuru na mwanamke mfinyanzi. Wote waliishi mji huu, enzi moja, lakini hakuna ajuaye kama waliwahi hata kusalimiana. Mama Ubishi aliona si vizuri majirani kukaa kimya hivyo, akaanza kuwasemea. Mtoza ushuru, kwa sauti nzito: "Serikali ni baba yenu!" Mfinyanzi, mkono kiunoni: "Baba gani huyu, tunamwona chakula kikiiva tu?" (Maoni haya ni ya mfinyanzi, si ya ofisi.)

Miaka sita iliyopita alikuja mkaguzi kuamua kama makumbusho yafungwe, jengo liwe ghala la viti. Mkurugenzi alimwagiza Mama Ubishi asome vibao tu. Aliitikia vizuri sana. Alipofika kwenye sanamu, agizo likamtoka kichwani. Sisi tulitazama sakafu.

Mkaguzi hakucheka, akashika upande wa mtoza ushuru. "Na barabara ya kupeleka vyungu sokoni, mama, nani aliilima?"

"Niliilima mimi na mume wangu, mwanangu, bila malipo," mfinyanzi akajibu. "Baba alisimama kivulini."

Mkaguzi akavua koti. Walibishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Mkaguzi aliondoka akiapa kwamba hafungi kitu kabla hajamshinda yule mwanamke.

Amerudi kila mwezi tangu hapo. Mama Ubishi hajamwacha ashinde, wala hajambana kiasi cha kumkatisha tamaa. Hivyo ndivyo vibarua vyetu vilivyopona. Mara moja tu, mkaguzi alipokuwa na mafua, Mama Ubishi alimruhusu mtoza ushuru aseme neno la busara.

Kuanzia Julai, mfinyanzi atasemewa na karani wa ofisi. Mama Ubishi alimsikiliza akifanya mazoezi, akamwambia: "Sauti inatetemeka, mwanangu, lakini usiitibu. Hata mfinyanzi aliiogopa serikali. Alibisha hivyohivyo."

Asante, mama, kwa kutuweka kazini. Tunakutakia pumziko jema na nyumba isiyokosa mtu wa kubishana naye. Naye mheshimiwa mkaguzi, akisoma haya, anajulishwa kwa heshima zote kwamba mfinyanzi bado hajakubali.