Mfuga Maji na Mama Mkwe Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kwanza, maana leo sitaki lawama za chakula kuungua. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa majokofu, mume, baba wa watoto watatu, aliyetutoka wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Ukitaja jina lake halisi mtaani kwetu, watu watakuuliza, nani huyo? Sema Mfuga Maji. Hapo hata watoto watakupeleka hadi mlangoni.

Jina hilo tulimpa sisi majirani. Na tulikuwa na sababu.

Siku moja fundi alikwenda hotelini kutengeneza jokofu. Alipomaliza, hakuondoka. Pale mapokezi palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa baharini, naye akakaa mbele yake na kisanduku chake cha vifaa mapajani. Mlinzi akamuuliza anasubiri nini. Akajibu, "Nasubiri hawa wamalize mazungumzo."

Aliporudi nyumbani, akaanza ujenzi. Alipata vioo vinene vya kabati la duka lililofungwa, akaviunganisha kwa gundi ya silikoni, akalijaza tangi maji ili aone kama linavuja. Kisha akaliweka sebuleni, pale pale mke wake alipopanga kuweka kabati la vyombo. Mjane wake ameniambia, "Nilinuna wiki nzima. Niliolewa na fundi friji, nikajikuta naishi ufukweni."

Jirani mmoja alimletea pakiti ya chumvi ya jikoni, eti mchango wake. Fundi akacheka. "Hiyo ni ya kuwapikia. Mimi nataka waishi." Alitafuta chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, akaikoroga ndani ya ndoo, kwa maji ya bomba aliyoyaondoa kwanza dawa ya kuulia vijidudu. Alitumbukiza kipimo cha chumvi kinachoelea, akakitazama kama muuguzi atazamavyo kipimajoto. Akafunga pampu, ivute maji, iyapitishe kwenye sponji, kisha kwenye vipande vya matumbawe, halafu iyarudishe.

Baada ya hapo, wasikilizaji wapendwa, akakaa. Samaki hakuna. Wiki zikapita. Unakwenda kumsalimia, unaona taa inawaka, pampu inanguruma, na ndani ni maji matupu. "Fundi, samaki wako wapi?" "Bado. Maji hayajakomaa." Ungekuwa wewe ungemwita nani? Tukamwita Mfuga Maji.

Lakini alijua alichokifanya. Ndani ya sponji ile na matumbawe yale huota bakteria wazuri, wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kula sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Bila wao, samaki hufa ndani ya maji yanayong'aa. Likumbukeni hilo. Hufa ndani ya maji yanayong'aa.

Hatimaye samaki wakaja. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na mmoja wa buluu mwenye haya. Mtaa mzima tulipita kuwaona.

Mwaka huo huo akaja mama mkwe. Alikuwa amefiwa na mumewe, na daktari alikuwa amemkataza kuishi peke yake kwa sababu ya shinikizo la damu. Mama huyu alikuwa msafi wa kutisha. Sufuria alizosugua yeye, ungeweza kuzitumia kama kioo cha kuchania nywele. Ila kila akigusa ufagio, anaambiwa, "Mama, pumzika." Akigusa sahani, "Mama, pumzika." Akamwambia binti yake, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa hata kijiko sipewi." Akaanza kuulizia chumba cha kupanga. Binti yake akawa hana usingizi.

Asubuhi moja wengine wote wakatoka. Mama akaliangalia tangi. Akaona sponji ya chujio, ya kahawia, inateleza. Uchafu! Basi akaitoa. Akaiosha kwa sabuni na maji ya moto, akaisuuza tena na tena mpaka ikawa nyeupe. Matumbawe nayo akayapiga brashi. Akarudisha kila kitu mahali pake, akakaa akiwasubiri, amefurahi.

Haikupita wiki, samaki wote walikuwa wamekufa.

Mjane wake anasema, "Nilijua mama yangu anaondoka. Ama atafukuzwa, ama aibu itamwondoa." Na kweli, mama alitoka chumbani na begi lake. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, anawatoa samaki wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyaficha.

"Mama, umewaua," alisema. "Siwezi kukudanganya. Umewaua kwa kuosha."

"Basi naondoka, mwanangu."

"Uondoke, maji umwachie nani? Mimi kutwa niko kwenye mafriji ya watu. Tangi hili limekosa mtu wa mchana. Kaa nikufundishe."

"Unifundishe nini? Kutokuosha?"

"Hilo ndilo gumu lenyewe, mama."

Akamfundisha. Sponji hukamuliwa kidogo tu, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Maji yakipungua kwa kukauka, unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi hewani, inabaki. Wakaanza upya. Mke akirudi jioni anawakuta wawili wamekaa mbele ya maji matupu, wanabishana kama yamekomaa.

Mama mkwe alikaa. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, yeye yupo. Leo mkwe ametangulia, na bibi mzee amebaki.

Baada ya mazishi, mwana mkubwa wa bibi alikuja na gari. Akasema kwa upole, "Mama, aliyekuwa akikutunza hayupo tena. Twende kwangu ukapumzike." Mjane hakuthubutu kumzuia. Bibi akamtazama mwanawe, akasema, "Mwanangu, mimi hapa situnzwi. Niko kazini."

Gari likarudi bila yeye.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunawapa pole watoto na wajukuu, na pole ya pekee kwa bibi. Mungu ampumzishe fundi wetu. Na tukizima redio tujiulize. Ni nani nyumbani kwetu tunayemwambia pumzika kila siku, hadi ameanza kutafuta chumba cha kupanga?

Mkienda kuwafariji, huenda mkamkuta bibi amebeba jagi la maji, mikono inatetemeka. Tafadhalini, msimpokee.