Treni Moja Tu

Njooni mkae hapa kitandani, wote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele. Asubuhi mlimwona yule msuluhishi wa serikali akitoka humu uso umemkunjuka. Tangu mgomo uanze kazi yake ni kupanda na kushuka ngazi pale idara ya kazi, wakubwa wa reli chumba cha juu, chama cha wafanyakazi chumba cha chini, akibeba maneno ya huku kupeleka kule, na hawajaafikiana lolote. Sasa wameafikiana juu yangu. Nikifa, itatoka treni moja tu, injini na behewa moja, inipeleke kijijini nilale kando ya mama yenu, na wewe, mwanangu wa kwanza, ndiye utakayeiendesha.

Sitaki.

Msinitazame hivyo. Hakuna ninachokitamani kama kulala pale, na mama yenu nilimwahidi mwenyewe, nimemshika mkono. Lakini katika mgomo wa ujana wetu tuliruhusu treni moja ya dawa, tukalainika mioyo, na kabla haijafika stesheni ya pili redio ilikuwa inatangaza kwamba reli imefunguliwa. Tukarudi kazini mmoja mmoja, vichwa chini, kwa mshahara uleule, na wenzetu waliobaki getini wakafukuzwa. Msuluhishi huyu ni mtu mwema. Hata yule wa wakati ule alikuwa mwema. Nizikeni hapahapa mjini, kwenye makaburi ya nyuma ya karakana, na siku mtakayopata haki yenu mwende mkamweleze mama yenu kwa nini sikufika.

Nyumba ni yenu wote, asiiuze mmoja. Sanduku la spana ni la mkubwa.

Na wewe binti yangu, kitinda mimba, hujamkosea mtu kwa kuajiriwa ofisini kwa wakubwa. Lakini mnakula meza moja na hamsemeshani. "Baba, mwambie anipishe mlangoni." "Baba, mwulize ufunguo kauweka wapi." Nimekuwa msuluhishi wa bure humu ndani, na mimi ndiye huyo naondoka. Nani atawabebea maneno?

Mungu awa... ngoja. Nipeni maji.

Mungu awalinde, awape watoto wasumbufu kama nyinyi. Radhi yangu mnayo, sawasawa, hakuna aliyepunjwa.

Sasa, binti yangu, mwulize kaka yako kama amekula. Usiniangalie mimi. Mwulize yeye. Bado nasikia.