Mama Dhruv na Mgeni wa Jina Lisilokwisha

Baada ya miaka ishirini na saba katika Shamba la Maua la Olmarai, hapa Naivasha kando ya mtaa wa Karagita, Bi. Kamla Shantilal anastaafu leo, tarehe 31 Oktoba 2008. Alikuja akiwa mpiga taipu, anaondoka akiwa msimamizi wa kompyuta zote. Wengi wenu hamlijui hata hilo jina lake rasmi. Kwetu ni Mama Dhruv tu, kwa jina la kifungua mimba wake aliyeko Nakuru.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akatangaza kwamba atakayeikaribia na chai ataimalizia chai hiyo nje kwenye mvua. Meneja mwenyewe alifukuzwa mara mbili. Kila Diwali alituletea chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, yenye pilipili ya kulipiza kisasi, kisha akatucheka machozi yakitutoka. Alikuwa mkali, na tulimpenda hivyo hivyo.

Lakini mwaka huu siwezi kumuaga kwa vichekesho peke yake.

Januari, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, familia za wenzetu zilitimuliwa kwenye vyumba vyao vya kupanga, zikaja kulala katika ukumbi wa kupakia maua. Kati yao na watu waliokuwa wakiwatafuta kulikuwa na geti moja la umeme. Geti lenyewe liliendeshwa na kompyuta: kampuni za malori zilituma jina la dereva kwa laini ya simu, jina likatokea kwenye skrini ya mlinzi, naye akabonyeza kufungua.

Asubuhi moja skrini ilionyesha mgeni ambaye jina lake lilikuwa herufi A tupu, zimefuatana hadi mwisho wa mstari. Programu ikazima. Kesho yake mgeni akarudi, jina limerefuka. Mlinzi wetu Wamalwa, mtu asiyeogopa hata viboko wa ziwani, alikataa kuketi kibandani peke yake.

"Mathe, hilo si jina," alimwambia Mama Dhruv. "Hapo kuna mtu anapiga nduru."

Kina mama ukumbini wakaanza kukiombea kile kibanda. Mama Dhruv aliikazia macho skrini mpaka uso ukambadilika.

"Afadhali ingekuwa shetani," alisema. "Huyu ni mtu, na anapima."

Alitueleza kwa ndoo zetu wenyewe. Ndoo za maua zimepangwa kwenye toroli, na mwisho wa safu kuna kadi inayomwambia msukumaji aende wapi akimaliza. Ukijaza maua kupita kiasi yanamwagikia ndoo ya pili, kisha yanaifunika kadi. Mwenye nia mbaya atamwaga kwa makusudi, halafu ataweka kadi yake mahali pa ile ya kwanza. Msukumaji haulizi, anasoma na kwenda.

Programu ya geti ilitengewa nafasi ya jina la kawaida, bila kitu chochote cha kukataa jina refu. Jirani na nafasi hiyo, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ndipo yalipokaa maagizo ya programu irudi wapi ikishasoma jina. Mgeni alikuwa akiongeza A kidogo kidogo ili ajue zinaanza kuyagusa wapi. Akishajua, angeandika maagizo yake, na programu ingekwenda moja kwa moja kufungua bila kumngoja mlinzi.

Mama Dhruv alitaka laini ya simu ikatwe. Meneja akakataa.

"Mama, Valentine ndiyo hii. Order zitaingia aje?"

Basi alichukua spana ya fundi wa trekta, akaenda na Wamalwa wakaitenganisha mota na geti, wakafunga mnyororo. Waya wa mota waliuacha, kwa sababu alitaka kuona.

Mchana uliofuata nilikuwa nao kibandani. A zilijaa skrini, na safari hii mkiani mwake kulikuwa na herufi chache tofauti. Programu haikuzima. Taa ya kijani ikawaka, na mota iliyolala kwenye nyasi ikaanza kuzunguka yenyewe. Ng'ambo ya barabara pikapu ilikuwa imesimama, watu wamejaa nyuma, wakilitazama geti. Walingoja. Mota iliponyamaza waliondoka polepole.

Familia zote zilisalimika. Siku hizi programu hupima jina kabla ya kulipokea, na hiyo ni kazi ya mikono ya Mama Dhruv.

Jambo moja halikuisha. Ili ujue maagizo yanakaa wapi, na amri ya kufungua iko wapi, lazima uwe na programu ile ile mbele yako. Iliandikwa hapa hapa kwa ajili yetu, na haikuwahi kutoka nje ya shamba hili. Kwa hiyo alikuwa mmoja wetu, na pengine anausoma ukurasa huu sasa hivi.

Juzi Mama Dhruv alinikabidhi funguo za chumba cha kompyuta, maana ninaishika kazi yake. Hakuziachilia mara moja. Alinitazama usoni, kwa upendo kabisa.

"Jonah, si ni wewe, ama?"

Nilimwambia si mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaziachia. Sijui kama aliniamini, na hilo linaniuma.

Asante, Mama Dhruv, kwa watoto walio hai leo. Nenda Nakuru kwa Dhruv ukapumzike. Tunakuombea siku za raha na usingizi mtulivu. Na kweli, Mama, si mimi.

Jonah Khaemba, Idara ya Kompyuta