Tangawizi ya Baba na Ada ya Kuingilia Marekani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa mbele, asifiwe na huko nyuma mlangoni ambako wanakwaya wameanza kucheka kabla sijasema neno. Najua mnachocheka. Mnacheka kadi zenu za benki. Subirini, nitafika huko.

Kwa wageni, naitwa Namkunda, fundi cherehani wa Same mjini, binti wa huyo mzee aliyekaa dirishani na kofia yake mapajani. Wengi humu mmevaa nguo nilizoshona, na wengine bado mnanidai vitambaa. Mungu akipenda, keshokutwa naondoka kwenda kwa mume wangu Marekani. Mchungaji amenipa dakika chache, nami nitazitumia zote!

Ndugu zangu, mnajua nilikotoka. Mama alipolala katika Bwana, nilibaki na baba. Katikati ya wiki nilikuwa mjini kwenye cherehani, mwisho wa wiki napanda huku juu milimani kumpikia na kumsaidia kwenye tangawizi. Miaka ikaenda. Wasichana niliowashonea shela nikaja kuwashonea na watoto wao sare za shule, na mimi bado naitwa dada. Maneno yalisemwa. Wengine walisema nimefungwa, wengine walisema nachagua sana. Mama mmoja, na yumo humu, alinishauri nipunguze kuongea ndipo nitaolewa. Nilijaribu, mama yangu, nilishindwa!

Baba hakuwahi kunisema. Kila asubuhi alikuwa anaomba kwa sauti chumbani, nami nikiwa jikoni nasikia: "Mungu, mpe binti yangu mume mwema." Basi aliomba mume, akasahau kutaja wilaya! Mungu akamleta Eliya, mtoto wa Ugweno, mtu wa milimani kama sisi, lakini kazi yake iko Marekani. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Alikuja likizo kumwona mama yake kule kwao, akapita Same kupunguziwa suruali. Suruali ile nilichelewa kuimaliza makusudi, Mungu anisamehe. Tulifunga ndoa hapa hapa, mkala, mkacheza, naye akarudi kazini. Mimi nikaanza kungoja viza.

Sitasimulia kungoja kulivyokuwa, tutalala hapa. Itoshe kusema viza ilitoka, haleluya! Lakini nikaambiwa imebaki ada moja ya uhamiaji. Hiyo inalipwa kwa mtandao kabla mtu hajasafiri, ndipo wanamtengenezea kadi ya ukaazi aipate akishafika kule. Na viza yenyewe ina tarehe ya mwisho ya kuingia. Ikipita, unarudi kuanza upya.

Eliya akasema, "Usijali mke wangu, nalipa mimi huku." Kwake ni jambo la kubonyeza simu tu. Nikamshukuru, nikaenda kumweleza baba kama habari ya kawaida.

Ndugu zangu, mnamjua baba yangu! Akaniuliza hiyo ada ni ya kazi gani. Nikamwambia ndiyo inayonipa ile kadi ya kukaa kule na mume wangu kwa halali. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Basi hilo ndilo sanduku lako."

Niwaeleze wageni. Kwetu anayeoa ndiye hutuma watu wa kumchukua mke, na nauli ni yake. Lakini binti hatoki kwao mikono mitupu. Mama zetu walitoka na sanduku, na vyombo, na khanga, ili binti akifika asionekane ameokotwa njiani. Tangu viza itoke, baba alikuwa anahangaika ni sanduku gani litakaloingia kwenye ndege na sufuria zake. Sasa alikuwa amelipata.

Akaniambia, "Nauli alete yeye, sina ugomvi. Lakini cha kuingilia kwake kitatoka kwangu. Siku kikikamilika nitakuwekea mkono wa baraka kanisani, watu wote waone, uende. Kabla ya hapo huendi."

Nililia. Si kwa hasira, jamani. Nililia kwa sababu nilipendwa hivyo, na sikujua nitafanyaje na upendo wa namna ile.

Baba akauza tangawizi kidogo, akavaa koti lake la Krismasi, tukashuka Same. Alifika dirishani benki akasema, "Shikamooni. Nataka kuwawekea Wamarekani." Yule dada wa benki ana adabu, hakucheka. Alituelekeza vizuri, baba akafungua akaunti, akapewa kadi. Tukajaribu kulipa, ikakataa. Tukarudi, wakasema ilitakiwa kwanza iruhusiwe kununua mtandaoni. Ikaruhusiwa. Ikakataa tena! Sijui hata leo ni kwa nini. Baba akawa anaifuta kwa leso kama miwani, anasema labda ina vumbi.

Na hapo ndipo mnapoingia ninyi, ndugu zangu. Baba alisimama baada ya ibada akatangaza msaragambo. Wageni, msaragambo ni kazi yetu ya pamoja: barabara ikikatika, mfereji ukiziba, watu wote wanatoka na majembe. Ndivyo huku juu tulivyojenga shule na ndivyo tunavyopitisha magari wakati wa mvua. Baba akasema kuna kazi ya binti yake imemshinda peke yake, kwa hiyo mwenye kadi aje na kadi, mwenye simu kubwa aje na simu, na gharama zote atarudisha yeye.

Mlikuja! Mlijaa ua wetu mpaka kwenye migomba. Mwinjilisti alikuja na simu mbili. Mama wa duka la pembejeo alikuja na kadi ya mumewe, na mumewe alikuwa hajui. Mkakaa chini kila mtu na simu yake, mkaandika jina langu na namba zangu, na mwinjilisti akasema, "Haya, kwa jina la Bwana, wote kwa pamoja!" Mkabonyeza.

Ndugu zangu, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kuna kazi isiyotaka mikono mingi. Wale wenye ukurasa wa malipo kule Marekani waliona mwanamke mmoja wa Same analipiwa na kijiji kizima kwa dakika moja, wakadhani ni wezi. Wakaufunga. Na benki nazo zikaogopa, zikafunga kadi zenu. Mchungaji wetu mpendwa alikwama Same siku iliyofuata mbele ya mashine ya kutolea pesa, hana hata nauli ya kupandia huku. Mchungaji, nilishakuomba radhi, leo naomba tena mbele ya washirika wako.

Sasa mnacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Baba alikaa kwenye kiti chake akatazama chini. Alisema, "Nimeshindwa kumtoa mwanangu." Makande akayaacha kwenye sahani. Tarehe ya viza ilikuwa inasogea. Eliya naye akapiga simu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia: "Namkunda, siku zinakwisha. Wakifungua tu, nalipa mimi, na baba asijue. Mwambie kadi yake imekubali."

Lilikuwa neno rahisi sana. Lakini baba yangu ana kifua, mnamsikia anavyokohoa msimu wa baridi. Niliwaza: nitapokea mkono wake wa baraka kwa uongo? Na siku moja nikipigiwa simu kule kwamba mzee amelala, nitabeba nini moyoni? Na nikisema tungoje mpaka yeye aweze, viza itakufa na ndoa yangu itakuwa ya simu. Nilimwambia Eliya, "Nipe siku hii moja." Akakata simu bila kuaga.

Nikaenda shambani, nikapiga magoti kwenye matuta ya tangawizi, nikalia kwa sauti. Nilisema, "Ee Mungu, umenipa wanaume wawili, wote wema, wote wabishi! Mmoja umlainishe. Sichagui ni yupi, chagua wewe!"

Hiyo ndiyo sala yangu yote. Sikufunga, sikutabiri, sikuona maono. Nilifuta kamasi nikarudi nyumbani.

Jioni tunakula, simu ikalia. Si yangu, ni ile ndogo ya baba ya tochi, ambayo Eliya hakuwahi kuipigia tangu harusi. Baba huwa anaweka sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nasikia una tangawizi nzuri. Mama kule Ugweno anataka gunia. Naomba uniuzie."

Baba akanikazia macho. "Mkwe, unataka kunihonga?"

"Hapana, baba. Bei ni ya soko, usinipunguzie hata kidogo. Pesa ya gunia ikishakuwa yako, unitume nikailipie ada. Kadi yako imekataa, yangu huku inakubali. Nitume tu, kama unavyomtuma mtu dukani. Mimi ni mtoto wako, baba, na tangu harusi hujanituma hata siku moja."

Ndugu zangu! Baba huyu aliyezoea kumwita Eliya "yule bwana wa Marekani", akakohoa, akasema, "Sawa, mwanangu. Ila bei imepanda leo." Eliya alicheka mpaka simu ikakoroma, na mimi nikakimbilia jikoni kumshukuru Mungu kwenye moshi.

Mnadhani baba alikubali ilipwe siku ile ile? Thubutu! Alisema mzigo kwanza. Akachagua tangawizi yenyewe, akaipanga mwenyewe kwenye gunia, akapanda basi mpaka Mwanga, na kutoka pale akabebwa na bodaboda kupanda Ugweno. Anasema Ugweno ni mbali kuliko Marekani. Mama mkwe wangu alimpokea, wakaongea mpaka giza, yeye na Kigweno chake na baba na Chasu chake, Kipare chetu cha huku, Kiswahili kikiwaamua. Kesho yake akarudi na ndizi mkungu mzima. Kabla hajakaa, akampigia Eliya: "Mzigo umefika. Sasa nenda kanilipie ada ya mtoto."

Ukurasa ulikuwa umeshafunguliwa. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa! Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kwamba malipo yamepokelewa. Nikamsomea baba kwa Kiswahili. Akasema soma tena. Nikasoma tena, nikasoma na mara nyingine, naye anaitikia amina kila nikifika mwisho.

Ndugu zangu, nilimwomba Mungu amlainishe mmoja. Yeye akawalainisha wote wawili, na mtandao ukafuata wenyewe. Kama kuna mtu humu anangoja, iwe ni ndoa, iwe ni barua ya ubalozi, iwe ni baba yako tu akuelewe, mwamini Yesu. Usimwombe kwa maneno mazuri kama huna. Mlilie tu ulivyo, anasikia Kipare! Namshukuru yeye kwanza. Nawashukuru ninyi mliofungiwa kadi kwa ajili yangu. Sitapata watu kama ninyi kule, nimeshajua.

Nimalizie kwa mtu mmoja. Baba, ulisema siku kikikamilika. Kimekamilika, baba, na umekilipa wewe. Usisimame, goti lako nalijua, nakuja hapo ulipo. Ninyi wengine nyoosheni mikono. Mimi napiga magoti hapa, baba. Niwekee mkono, na usiutoe upesi.